Ndege inayofika kabla ya kuondoka: neno "saa" pande mbili za Ziwa Tanganyika

Uwanja wa ndege wa Kigoma na ule wa Kalemie vimetenganishwa na karibu kilomita 120 za mstari ulionyooka, nyingi zikiwa juu ya maji. Tuchukue, kwa hesabu tu, ndege ndogo ya mwendo wa kilomita 300 kwa saa. Itavuka kwa dakika 24. Ikiondoka Kigoma saa 4:00 asubuhi, itatua Kalemie saa 3:24, yaani "mapema" kuliko ilivyoondoka. Ikirudi saa 4:00 ya Kalemie, itafika Kigoma saa 5:24.

Hakuna uchawi hapo. Tanzania iko saa tatu mbele ya saa ya dunia (UTC), na mashariki ya Kongo saa mbili. Ratiba huandika saa ya kila kiwanja, haiandiki muda wa safari. Anayetaka muda halisi kwanza ageuze saa zote mbili ziwe za upande mmoja, ndipo atoe.

Kwetu Fizi jambo hili si la marubani tu. Tangu vita vya 1996 familia nyingi zimegawanyika kati ya Baraka na kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu. Siku moja mjomba wangu alituambia kwa simu kwamba mtumbwi wa injini utamfikisha Baraka saa kumi. Tulishuka ufukweni saa kumi kamili. Tulimkuta ameketi juu ya mzigo wake kwa saa nzima, akiamini tumemsahau. Saa kumi yake ilikuwa ya Kigoma; kwetu ilikuwa saa tisa.

Mwanaisimu atauliza: kosa liko wapi, ikiwa wote tulisema Kiswahili? Hesabu ya saa za Kiswahili huanzia macheo: saa moja ni saa ya kwanza ya mchana. Baraka jua huchomoza karibu saa kumi na mbili, kwa hiyo jina na jua vinakubaliana. Kigoma jua hilohilo huchomoza karibu saa moja, kwa sababu mji huo wa magharibi unafuata saa moja na Dar es Salaam. Maneno ni yaleyale. Kilichohama ni mahali pa kuanzia kuhesabu.

Kuna utata wa pili. "Saa mbili" ni wakati fulani wa siku, na pia ni urefu wa muda. "Safari ni saa mbili" inaweza kujibu "lini?" au "kwa muda gani?" Kwetu wengi hutenganisha: "saa mbili" ni wakati, "masaa mawili", au hata "masaa mbili", ni muda. Walimu husahihisha "masaa" kuwa "saa", kwa kuwa nomino hii ni ya ngeli ya N. Kisarufi sanifu wana haki. Lakini kiambishi hicho ma- kinafanya kazi ambayo umbo sanifu linauachia muktadha, na ingefaa tukieleze kabla ya kukifuta kwa wino mwekundu.

Mjomba akija siku hizi, tunamuuliza neno moja zaidi: "Saa kumi ya wapi?"