Fahali Wawili Hawakai Zizi Moja, Miti Je?

Wahenga walinena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Mnamo mwaka wa 1934 mwanasayansi Mrusi, Georgy Gause, alitoa hoja iliyokaribiana na methali hiyo: viumbe wawili wanaotegemea riziki ile ile kwa njia ile ile hawawezi kuishi pamoja daima. Mmoja atamshinda mwenzake na kumwondoa.

Lakini mwanafunzi atakayeutazama msitu wa kitropiki ana haki ya kumuuliza mwalimu wake: mbona miti imeikaidi kanuni hii? Katika msitu wa Yasuní nchini Ekuado, eneo la hekta 25 tu lina zaidi ya spishi 40 za miti ya Inga, jamaa ya mikunde. Yote ni ndugu wa ukoo mmoja, na yote yahitaji jua, maji na udongo ule ule. Yawezekanaje isimalizane?

Jibu moja lilitolewa na Wamarekani wawili, Daniel Janzen mwaka wa 1970 na Joseph Connell mwaka wa 1971. Walisema kwamba chini ya kila mti hukusanyika wadudu na kuvu waliozoea kuishambulia spishi hiyo. Mbegu zinazodondoka karibu na mama huangamia kwa wingi. Zile zinazochukuliwa mbali na ndege au wanyama hupona. Nafasi iliyoachwa hutwaliwa na spishi nyingine. Hivyo, kadiri spishi moja inavyozidi kuenea, ndivyo maadui wake wanavyoneemeka na kuirudisha nyuma.

Na hao ndugu je? Phyllis Coley na Thomas Kursar waligundua kwamba spishi za Inga zinazokaa jirani hutofautiana sana katika silaha za kuyalinda majani yao machanga, hasa sumu zilizomo ndani yake. Kiwavi aliyeizoea sumu ya mti mmoja hamwezi jirani yake. Ndugu hawa wamefanana sura, lakini hawana adui mmoja.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2014 uliithibitisha hoja hii huko Belize: miche iliponyunyiziwa dawa ya kuua kuvu, aina za miche zilizosalia zilipungua. Kumbe adui ndiye aliyekuwa mlinzi wa wanyonge!

Somo hili latuhusu. Mwezi wa Desemba 2022 serikali yetu ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032. Ni jambo la kusifiwa. Hata hivyo, aghalabu shule zetu huletewa miche ya aina moja, ikapandwa kwa mistari iliyonyooka kama gwaride, kisha twajipongeza kwamba tumepanda msitu. Hilo si msitu bali ni karamu tuliyowaandalia wadudu. Tusisahau kwamba mwaka wa 1990 vidukari vya misaipresi viliingia nchini na kuikausha miti mingi katika mashamba yaliyopandwa aina hiyo peke yake.

Basi, mwalimu, miche itakapofika shuleni mwako, usiulize idadi yake tu. Uliza ni ya aina ngapi, na ingapi kati yake ni ya asili ya mahali pale. Wanafunzi nao wahesabu, waandike, na warudi mwaka ujao kutazama ni ipi iliyosalia.