Windo Mpya, Mafaili Yaleyale

Oya wanangu na masista wa Narung'ombe, Nkowe na Mbekenyera huku Ruangwa, mpaka wa Nachingwea mjini, leo tukae kijiweni tuongelee laptop. Kuna sentensi imewaangusha vijana wengi kimishe huku kwetu: "Hii mashine inazingua, tuipige windo tu," yaani aiseti Windows upya. Fundi anaiongea kiroho safi, na wewe unaitikia fasta, maana mashine inakaa nusu saa ndo iwake na mteja kasimama mlangoni na fomu yake mkononi. Kesho unarudishiwa laptop inawaka chapchap, ila ndani nyeupe pee. Picha hamna. Biti hamna. Programu ulizokusanya miaka kibao zimeyeyuka. Na kinachouma kinoma ni kwamba mara nyingi haikuwa lazima.

Mtu wa mjini Dar akifutiwa mashine, jioni anaunga waifai anashusha kila kitu upya, kesho yuko kazini. Huku Ruangwa vijijini kushusha programu moja ya GB 3 ni bando kuisha katikati ya safari, netiweki ikiyumba unaanza moja. Kwa hiyo tunapoongelea kupiga windo, kwetu sisi programu zina uzito sawasawa na mafaili. Anayekwambia "picha zako nimekuhifadhia, programu utaweka tu tena" hajakaa kijijini na bando la buku.

Halafu tusisahau nini kiko ndani ya hizo laptop. Chukua mshkaji yeyote mwenye kamera wilayani kwetu. Mavuno yakishaingia ndani, msimu wa jando na unyago ukifunguka, huyo halali. Leo yuko kwenye ngoma kijiji hiki, kesho kaitwa kijiji cha pili. Ukifungua diski yake unakuta folda zimejipanga: jina la mzazi, jina la kijiji, tarehe. Ndani yake wali wanatolewa, nguo mpya, miwani myeusi, miamvuli, mama zao wanacheza vumbi mpaka magotini, babu anatunza noti moja baada ya nyingine. Kadi ya kamera ilishafutwa usiku uleule, kwa sababu kadi ni moja na asubuhi kuna kazi nyingine. Ina maana ile video iko sehemu moja tu duniani, kwenye ile laptop iliyochoka. Na dogo hatolewi jandoni mara mbili.

Weka na mishe nyingine. Msimu wa ufuta minada ikianza chini ya RUNALI, ushirika mkuu unaobeba Ruangwa, Nachingwea na Liwale, karani wa AMCOS, chama cha msingi cha wakulima, anakuwa na listi za wakulima: jina, kilo, akaunti ya benki. Dada wa steshenari ana vyeti vya nusu ya kata alivyoskani kwa ajili ya maombi ya mkopo wa chuo na Ajira Portal. Msela wa singeli ana projekti za FL Studio zenye sauti alizorekodi geto usiku wa manane. Hizo ndo akiba za watu, wanangu. Mimi siwezi kukaa kimya nikiona zinafutwa kwa mbofyo mmoja.

Sasa tuelewane kitu kimoja kabla ya kugusa mashine. Mafaili unaweza kuyakopi ukayarudisha, hayo ni rahisi. Programu hazikopiki hivyo. Unaweza kubeba folda nzima ya Photoshop au FL Studio ukaibandika kwenye windo mpya na isifunguke, kwa sababu programu ikisetiwa inajiandikisha kwenye rejista ya Windows, kitabu kikubwa cha mfumo kinachojua kila programu iko wapi na inahitaji nini. Ni kama gunia la ufuta ghalani: lipo, unaliona, ila kama kilo zako hazikuandikwa kwenye daftari, siku ya malipo hulipwi. Ukifuta windo, umechoma daftari. Ndo maana ukitaka windo mpya, njia ya kuokoa programu ni moja tu ya maana, nayo ni kupiga windo juu ya windo.

Inakuwaje? Windows yako ikiwa bado inafika kwenye desktopu, hata kama kwa kujikongoja, huzimi mashine wala hubutishi kwa flashi. Unaingia kama siku zote, unachomeka flashi yenye Windows au unafungua faili lake la ISO, unabofya mara mbili pale palipoandikwa setup. Inakuuliza maswali mawili matatu, unakubali masharti, halafu unafika kwenye ukurasa wa kuchagua nini kibaki, wenye viduara vitatu. Hapo tulia, vuta pumzi, soma. Cha kwanza kimeandikwa Keep personal files and apps: mafaili yanabaki na programu zinabaki. Cha pili kinabakiza mafaili tu. Cha tatu kimeandikwa Nothing, na hicho kinafagia kweli. Unachagua cha kwanza. Mashine itajizima na kujiwasha mara kadhaa, asilimia zitapanda polepole, na ukirudi utakuta picha yako ya ukutani ileile, folda zilezile, programu zako zinafunguka, ila matumbo ya mfumo yote ni mapya.

Kuna kitu hapa kinawachanganya hata mafundi wazoefu. Unafika kwenye vile viduara, unakuta cha kwanza kimefifia, hakibofyeki. Wengi wanasema "basi haiwezekani" wanagonga cha tatu. Hapana! Funga kila kitu, utoke. Kikififia, mara nyingi flashi yako haiendani na mashine. Edisheni lazima zifanane, Home kwa Home, Pro kwa Pro, na toleo la kwenye flashi lisiwe la zamani kuliko lililomo. Halafu lugha: kwa Windows, Kiingereza cha Marekani na Kiingereza cha Uingereza ni lugha mbili tofauti. Laptop nyingi tunazonunua ni mitumba kutoka nje, na iliyotoka Uingereza inaweza kuwa imesetiwa kwa Kiingereza cha kwao, wakati flashi ya fundi ni ya Marekani. Tofauti ndogo hiyo ndo inamfutia mtu video za msimu mzima. Ukitafuta ISO ya lugha husika, kiduara kinarudi kung'aa.

Na ISO hailipiwi. Microsoft wenyewe wanaiweka kwenye tovuti yao pamoja na kijiprogramu cha kutengenezea flashi, na flashi ya GB 8 inatosha. Kama mashine ilikuwa na leseni halali, leseni imefungamana na mashine yenyewe, ikipata intaneti inajitambua bila kuandika namba tena. Wenye Windows 11 mpyampya mna bahati zaidi: ukiingia kwenye mipangilio, sehemu ya Recovery, kuna batani ya Reinstall now inayoshusha toleo lilelile na kulipiga juu ya la zamani bila kugusa vitu vyako. Tatizo inakula bando zito, GB za kutosha, hivyo subiri siku uko mjini kwenye waifai.

Kabla ya yote hayo, kopi. Siachi kulisema hili. Njia ya kupiga juu ni salama, ila umeme ukikata katikati na betri yako kimeo, unaweza kubaki na mashine isiyojua ianzie wapi. Chomeka chaja, hakikisha betri inashika, acha kama GB 20 wazi kwenye C, zima antivairasi uliyoweka mwenyewe, na kila kitu cha thamani kiwe kimeshakopiwa kwenye hadidiski ya nje. Sio kwenye D, mwanangu. Watu wanaamini D ni kama kijiji kingine. D na C mara nyingi ni diski moja imegawanywa, na fundi mwenye haraka akibutisha kwa flashi anakutana na listi ya partisheni, anafuta moja baada ya nyingine mpaka ibaki nafasi tupu. Sekunde chache tu, D imeenda.

Je, mashine ikigoma kabisa kuwaka? Hapo ile njia ya kwanza haipo, maana setup lazima uifungue ukiwa ndani ya windo yenyewe. Programu utazipoteza, tusidanganyane. Mafaili bado yanaokoleka. Tengeneza flashi ya Linux Mint au Ubuntu, zote za bure, washa mashine kwa hiyo flashi bila kuiseti, diski yako itaonekana, kopi kila kitu kwenda hadidiski ya nje. Ndo kwanza ufikirie windo. Na hata ukiseti upya kwa kubutisha, kama hukufuta wala kufomati partisheni, Windows inasukuma vya zamani kwenye folda inayoitwa Windows.old. Yale ya desktopu na dokumenti unayakuta humo ndani ya Users. Yahamishe mapema, folda hiyo kwa kawaida inajifuta baada ya siku 10.

Wakati mwingine shida wala sio windo. Hadidiski inalia tik-tik, faili moja linafunguka baada ya dakika tano, hiyo diski inakata roho. Ukiipiga windo unaimalizia. Hapo kopi kwanza, halafu nunua SSD, na kama diski ya zamani bado inasomeka, mwambie fundi akloni: windo, programu na mafaili yote yanahamia kwenye SSD kama yalivyo. Kwa mashine iliyozeeka hiyo ndo pesa bora kabisa utakayotumia.

Ishu hii imekuwa ya moto zaidi tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10. Mafundi wengi wanawaambia wateja wapigiwe 11 leo hii. Subiri. Windows 11 rasmi inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane, wakati EliteBook 840 G3 zilizojaa mitaani ni kizazi cha sita, na ThinkPad T450 ni cha tano. Mashine yako ikiwa inakidhi, ile njia ya kupiga juu inakutoa 10 mpaka 11 na kila kitu chako kikiwa ndani. Ikiwa haikidhi, kuna nyongeza ya ulinzi kwa watu binafsi inayofika 13 Oktoba 2026, unajiandikisha humohumo kwenye mipangilio ya mashine. Usikubali kufutiwa kila kitu kwa kukimbilia namba.

Jingine la mitumba: akaunti. Laptop nyingi za Windows 11 zilizosetiwa kwa akaunti ya Microsoft zinafunga diski kwa BitLocker. Siku mashine ikishtuka inaomba ufunguo wa tarakimu 48, na ufunguo huo unakaa kwenye akaunti ya aliyeiseti. Kama ni muuzaji wa mjini ndiye aliyeiseti kwa akaunti yake, mafaili yako yamefungwa na mtu ambaye hata namba yake huna. Weka akaunti yako mapema, uandike ufunguo kwenye karatasi, uuweke pamoja na vyeti.

Mafundi wetu siwalaumu kijumla. Wengi wamejifunza wenyewe, wanabeba mitaa mizima, na kufagia kote kunachukua muda mfupi. Tena kuna siku kufagia ndo dawa: mashine imejaa vairasi, au iliwekwa windo ya kuchakachua yenye kijiprogramu cha kukwepa leseni, mlango wazi wa wezi. Ila hata siku hiyo, kopi inatangulia.

Na tushirikiane hizi ISO. Mei 2024 mnaikumbuka. Kimbunga Hidaya na mvua vilikata barabara ya kwenda Dar pale Somanga, Kilwa, na wiki iliyofuata nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti ikasinzia nchi nzima. Huwezi kutuma mashine Kariakoo, huwezi kushusha chochote. Kijiji chenye flashi moja safi ya Windows, flashi moja ya Linux na hadidiski moja ya kukopia kinaendelea na mishe zake. Vijana watano wakichanga, wanamiliki vyote hivyo.

Kwa hiyo ukimpelekea fundi laptop, kaa naye pale pale. Mwambie unataka windo juu ya windo, mafaili na programu zibaki, na asifute partisheni yoyote kabla hujaona kopi kwa macho yako. Akikwambia haina haja, chukua mashine yako, muage vizuri, nenda kwa mwingine.