Figo Hazibishi Hodi: Tujifunze Kuisoma Karatasi ya Maabara

Maradhi mengi hutanguliwa na dalili. Homa hutetemesha, jino huuma, jeraha huvuja damu. Figo sivyo. Mtu aweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu za figo zake huku akila, akilala na kwenda kazini kama kawaida. Kuvimba miguu, kichefuchefu na kukatika pumzi aghalabu huja mwishoni, wakati mashine ya kusafisha damu imekwisha kukaribia. Ndiyo maana figo hupimwa mapema, hazingojwi mpaka zilalamike.

Figo mbili huchuja takriban lita 180 za maji ya damu kwa siku, zikayarudisha mwilini karibu yote, na kutoa mkojo wa lita moja au mbili tu. Kuupima uchujaji huo moja kwa moja ni kazi ngumu. Kwa hivyo daktari humtumia shahidi aitwaye kreatinini, taka itokayo katika misuli na kutolewa na figo. Figo zikilegea, taka hiyo huongezeka katika damu.

Lakini shahidi huyu hataki kusikilizwa peke yake. Tuchukue mfano wa watu wawili hapa Miritini: kijana wa miaka 25 anayepakia mizigo kwenye malori, na bibi yake wa miaka 75. Tuseme kila mmoja amepatikana na kreatinini ya maikromoli 100 kwa lita. Kwenye karatasi wako sawa. Ukitia umri na jinsia katika hesabu, kijana hupata uchujaji wa takriban mililita 92 kwa dakika, na bibi takriban 51. Misuli ya bibi imepungua, taka aitoayo ni chache, na uchache huo umeuficha udhaifu wa figo zake.

Jibu la hesabu hiyo huandikwa kwa herufi eGFR. Kuanzia 90 kwenda juu ni kiwango kizuri. Baina ya 60 na 89 si ugonjwa, ila ikiwa kuna dalili nyingine ya madhara. Chini ya 60 kwa muda wa miezi mitatu au zaidi ni maradhi sugu ya figo, na chini ya 15 figo zimeshindwa. Kipimo kimoja hakitoshi kutoa hukumu: kuharisha, kupungukiwa na maji au hata mlo wa nyama nyingi kabla ya kupimwa huweza kulibadilisha jibu.

Shahidi wa pili ni mkojo. Chujio lililotoboka hupitisha albumini, protini ambayo ilipasa kubaki katika damu. Ikifika miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini ya mkojo, na ikaendelea hivyo, hiyo ni ishara ya madhara hata kama eGFR ingali nzuri.

Hesabu zenyewe nazo zina historia yake. Fomula ya mwaka 2009, iliyoenea duniani, ilimwongezea mtu mweusi takriban asilimia 16, na hivyo figo zake zikaonekana zina nguvu zaidi. Fomula ya mwaka 2021 iliiondoa nyongeza hiyo. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa Uganda, Malawi na Afrika Kusini, ambamo watu walidungwa dawa ya ioheksoli na kasi ya kutolewa kwake ikapimwa. Ilidhihirika kwamba hesabu za kreatinini huzisifu figo za Waafrika kupita uhalisia. Jibu lililo karibu na mpaka, basi, lisipuuzwe.

Mwenye kisukari au shinikizo la damu na apimwe damu na mkojo kila mwaka. Vivyo hivyo na ashauriane na daktari aliyezoea kumeza dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, kwani huweza kuzidhuru figo. Na aliyekwisha kuambiwa figo zake ni dhaifu amwone daktari kabla ya Ramadhani, ajue kama mwili wake waweza saumu, kwani mgonjwa ana ruhusa yake katika dini.

Uwe umepimwa Port Reitz, Makadara au kwingineko, uliza maswali mawili: eGFR yangu ni ngapi, na je, mkojo wangu una albumini? Kisha ihifadhi karatasi, kwani jibu la mwaka huu hupata maana likiwekwa kando ya lile la mwaka uliopita.