Maumivu ya Viungo ya Utoto na Moyo wa Mtu Mzima

Ndugu msomaji, je, ulipokuwa mtoto ulishikwa na homa, magoti yakavimba hata ukashindwa kutembea, kisha ukapona? Basi soma maneno haya vizuri. Viungo hupona, lakini moyo unaweza kubaki na kovu.

Ugonjwa huanza wapi?

Huanza kooni. Mdudu mdogo sana, jina lake streptokoki, huingia katika koo la mtoto. Hupita upesi kwa mwingine, zaidi pale wengi wanapolala katika nyumba ndogo. Koo hupona, wazazi husahau. Baada ya wiki 2 au 3, homa inaanza. Leo goti linauma. Kesho goti limepoa na kifundo cha mguu kinauma. Kesho kutwa ni kiwiko. Nguvu za mwili zilizotumwa kumpiga mdudu zimekosea adui, zinapiga viungo na moyo wa mtoto mwenyewe. Watoto wa miaka 5 hata 15 ndio wanaoshikwa zaidi.

Moyo unaumizwa namna gani?

Moyo una milango 4. Hufunguka na kufungwa ili damu ipite njia moja tu. Kila mara ugonjwa unaporudi, milango huzidi kupata makovu. Mlango wenye kovu haufunguki sawasawa, ama haufungi. Moyo hutumika kwa taabu miaka mingi bila mtu kujua. Halafu, akiwa na miaka 20, 30 au 40, anahema akipanda mlima, hawezi kulala bila kuinua kichwa, miguu inavimba, moyo unapiga mbio. Jamaa husema amelogwa, wakamaliza franga zao bure. Sivyo. Ni kovu la utoto.

Mama mwenye mimba yuko katika hatari kubwa, kwa maana damu huongezeka mwilini na moyo mbovu hulemewa. Amwambie mkunga mapema, naye azalie lopitalo.

Tufanye nini?

1. Mtoto mwenye homa na maumivu ya koo, mlete kwa munganga. Penisilini ikitolewa mapema huzuia ugonjwa huu.

2. Aliyekwisha kushikwa apate sindano ya benzathini penisilini kila wiki 3 au 4. Haiondoi kovu la zamani. Huzuia kovu jipya. Wengi huendelea nayo miaka 10 au zaidi, na wengine hata umri wa miaka 40. Munganga ndiye atakayesema mwisho. Usiache kwa sababu unajisikia mzima. Kama sindano ya namna hii ilikuwasha mwili au kukuzuia pumzi, mwambie muuguzi kwanza.

3. Wewe mtu mzima uliyeugua zamani, omba munganga asikilize moyo wako. Picha ya ekografia itaonyesha milango.

4. Safisha meno kila siku. Kabla ya kung'oa jino, sema kwamba una ugonjwa wa moyo.

5. Miguu ikivimba, punguza chumvi na uje upesi.

Kiungo kimoja cha mtoto kikivimba wiki 6 au zaidi bila kuhama, huenda ni ugonjwa mwingine. Mlete vilevile.

Kutengeneza mlango wa moyo kwa kupasuliwa kunawezekana, lakini ni kazi ya lopitalo chache, tena ni ghali. Sindano ya kila mwezi iko karibu. Andika siku yako katika kadi, wala usiikose.