Chakula cha Mbwa Kilichobadilishwa: Yafaa Kukinunua?

Suali: Ndugu yetu wa Unguja analima mahindi Nyabibuye, mkoani Kigoma, na ana mbwa wa kulinda shamba. Chakula cha gunia anachomnunulia sasa kimeandikwa kuwa kina nyama ya nguruwe. Afanyeje?

Jibu: Kufuga mbwa wa shamba, mifugo au mawindo kunajuzu kwa Hadithi sahihi. Ama nguruwe, Mwenyezi Mungu na Mtume Wake (S.A.W.) wameharamisha biashara yake, kama alivyopokea Jabir katika Bukhari na Muslim. Basi asinunue gunia jengine. Alilonunua bila kujua hana dhambi, na Mashafii wameruhusu mnyama kulishwa chenye najisi, kwa hiyo halazimiki kulitupa.

Wala mbwa asiachwe na njaa. Kumlisha ni amana. Amchanganyie ugali na dagaa, bila vitunguu, kidogo kidogo kwa wiki moja ili asiharishe. Chombo chake kiwe mbali. Akiramba cha nyumbani, kioshwe mara 7, moja kwa udongo.

Viwanda hubadilisha viungo, jina likabaki lile lile. Tusome kila gunia jipya.

Wallahu Aalam.