Parseli ya Alunguli: hesabu mtumbwi kwanza

Kindu iko na komini tatu. Kasuku na Mikelenge ziko upande wa kushoto wa mto Lualaba, pamoja na gare. Alunguli iko peke yake ng'ambo, na daraja hakuna.

Ndugu msomaji, kama umepata nyumba ya bei chini kule lakini kazi yako iko huku, hesabu kwanza nauli ya mtumbwi, kwenda na kurudi, mwaka muzima. Na usiku, mto ukichafuka, nani atakuvusha?

Tena, karatasi ya komini peke yake haitoshi. Kwa sheria ya 1973 udongo ni wa Serikali. Kinacholinda haki yako ni certificat d'enregistrement. Muuzaji hana? Usitoe franga.