Unampeleka mtoto Muhimbili? Angalia gesti iko upande gani

Mzazi anayeshuka usiku stendi ya Magufuli, Mbezi, akiwa na mtoto mwenye rufaa ya Muhimbili, hushawishika kulala gesti za palepale. Ni rahisi, lakini asubuhi Barabara ya Morogoro hujaa, na foleni ya kliniki haimsubiri mtu.

Wengine husogea Manzese au Magomeni, kando ya mwendokasi. Basi linakushusha Fire, kisha bajaji kidogo tu umefika. Kiangazi hakuna ubaya. Masika ni habari nyingine: kati ya Magomeni na Fire kuna bonde la Jangwani, na Mto Msimbazi ukifurika barabara hufungwa, mwendokasi nayo husimama. Mtoto hajala kwa sababu ya kipimo, na hospitali iko ng'ambo ya maji.

Kwa hiyo, Machi hadi Mei, afadhali Kariakoo, hata kama kelele za soko huanza alfajiri. Piga simu kabla ya safari: bei ni ya chumba au ya kichwa? Maji yanatoka? Halafu lipa usiku mmoja kwanza, maana tarehe ya kurudi nyumbani anaijua daktari.